NYUMBU ANAVUKA BURE, KIJANA WA TARIME ANAITWA MLANGUZI!

Hivi wakubwa wetu wa Dodoma wamewahi kulala hata usiku mmoja Isebania? Kulala gesti ya bei ya kabwela, magunia ya dagaa yakiwa miguuni, halafu alfajiri kuwahi matatu ya Kisii? Mwandishi wa makala haya amefanya hivyo, akafika hadi Nairobi, akakaa huko wiki tatu akiuza. Atakayosema yatawaudhi baadhi ya watu. Waudhike tu.

Kwanza tuelewane: Kenya siyo peponi. Chumba cha Nairobi kinakula mtaji kama mchwa. Ukitamka tu "samahani kaka, naomba kuuliza", stendi nzima inajua umetoka Tanzania, na nauli inapanda papo hapo. Wenzetu hawaombi, wanasema "nipe"! Siku tatu za mwanzo nilidhani kila mtu ana ugomvi na mimi.

Lakini biashara wanaijua, jamani. Pale Gikomba dagaa wa Musoma wanaitwa omena, na kabla jua halijachomoza bei imeshakatwa, fedha imeshaingia kwenye simu. Hakuna aliyeniuliza kabila langu wala katibu kata wangu ni nani. Waliuliza mambo mawili: una magunia mangapi, na utarudi lini?

Sasa rudi nyumbani uone. Kijana wa Sirari akionekana na gunia, jina lake ni mlanguzi. Kumbe sheria iko upande wake! Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, soko la pamoja likaanza Julai 2010. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliotoka ndani ya nchi wanachama na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani. Vibali vya afya na vya uvuvi vipo, sikatai. Lakini waulize vijana kumi pale Sirari kama wamewahi kukisikia hicho cheti. Wanaijua njia ya panya tu, na kwenye njia ya panya kuna wanaoishi kwa kutoza. Nani atamfundisha sheria mtu anayemtoza kwa kutoijua?

Halafu Julai 2025 serikali ikatoa amri: wageni marufuku biashara 15, zikiwemo kutengeneza simu, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na kununua mazao shambani. Malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo dhidi ya Wachina nayaelewa, na ni ya haki. Mchina wa kuuza rejareja Kariakoo hajaja kuwekeza chochote. Ila amri ikasema "asiye raia", basi ikamzoa na Mkurya wa Isebania ambaye shangazi yake ameolewa Sirari! Waziri wa biashara wa Kenya alilalamika hadharani. Siku Nairobi nao wakiamua kujibu kwa kipimo hichohicho, atakayefukuzwa Gikomba ni nani? Mtoto wa kigogo?

Na kujibizana huku hakukuanza jana. Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, ikachoma moto vifaranga 6,400 kule Namanga. Machi 2021 Kenya ikapiga marufuku mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, ikalegeza kwa masharti baada ya siku chache. Siku chache kwa waziri ni kikao kimoja. Kwa mwenye lori la mahindi lililosimama Sirari ni mtaji wote.

Wenzetu wa Serengeti nao wana yao. Lango la Bologonja, linalotazamana na Maasai Mara, lilifungwa 1977 Jumuiya ya zamani ilipokufa. Mpaka ukafunguliwa 1983, lakini siyo lango hilo kwa watalii. Nyumbu wanapita kwa mamia ya maelfu kila mwaka bila pasi. Mtalii anazungushwa Sirari au Namanga. Hoja ya serikali ni kwamba wageni watalala Kenya na kuja kwetu kuchungulia tu. Ni hoja nzito. Lakini miaka yote hiyo ya kufunga, kijana wa Mugumu amepewa nini badala yake?

Hatuombi mkopo wa kampeni wala fulana. Diwani, mbunge na mkuu wa wilaya: orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru, pamoja na ada halali ya kila kibali, ibandikwe ukutani Sirari kwa Kiswahili, mahali kila mwenye gunia atasoma. Gundi tutanunua wenyewe.