Mastaa, Acheni Kuwaita Watoto wa Kijijini Vilaza!

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Nina la staa mmoja wa kike, jina naliweka kapuni ingawa wengi mshaotea. Mwanae kapata divisheni wani kidato cha nne, mama kampongeza Insta. Hongera zake dogo, kiroho safi, kasoma. Ila mama akaongeza kwamba wanaopata ziro ni vilaza na wavivu, wamejaa visingizio. Watu wakamwaga makopakopa!

Dada, hapo nakukatalia.

Mwanao kaanza Kiingereza tangu chekechea. Basi la shule linampitia getini, jioni mwalimu wa tyuisheni anamkuta sebuleni, taa inawaka, tumbo limejaa. Sasa toka Dodoma mjini, nenda vijiji vya Chamwino, Bahi au Mpwapwa. Mtoto wa kule nyumbani anaongea Kigogo. Shule ya msingi kafundishwa kwa Kiswahili miaka saba. Anaingia kidato cha kwanza, ghafla baiolojia Kiingereza, historia Kiingereza, mpaka mtihani wa taifa Kiingereza! Somo analielewa, lugha ndo inamkata. Wewe ukianza kusoma kwa Kichina kesho, hiyo wani utaipata?

Hapo sijagusa njaa. Mvua za huku ni msimu mmoja tu. Zikikata Februari, mahindi yanakaukia shambani na nyumba nzima inaanza kuhesabu milo. Dogo wa kiume anaachishwa kipindi akachunge ng'ombe, wa kike anasaka maji kabla ya kengele. Shule ikiwa mbali, wanapanga geto. Watoto wa miaka 15 wanajipikia na kujilinda wenyewe! Binti akipata mimba, nyie nyie mnasema hakutulia.

Mtaniambia elimu ni bure. Kweli, tangu Januari 2016 ile ada ya elfu 20 ya sekondari za kutwa imefutwa, na imewaokoa wengi. Mi mwenyewe ni wa shule ya kata, najua uzito wa elfu 20. Lakini kufuta ada hakujanunua sare, daftari, wala ugali wa mchana.

Halafu kumbukeni matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro! Serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Ina maana mwaka ule zaidi ya nusu ya vijana wa nchi hii walikubaliana kuwa wavivu? Acheni utani.

Na msiniletee habari za fulani katoka kijijini akawa daktari. Mmoja akivuka korongo lililofurika, hatusemi daraja halina kazi. Tunamshukuru Mungu hakuzama, halafu tunadai daraja.

Dada, juhudi ipo, sikatai. Ila mwanao kakimbia kwenye lami, mwenzake kwenye mchanga na ndoo kichwani, we unasifia miguu tu. Hela ya ile keki ya ghorofa tatu ingenunua mahindi ya kulisha shule moja ya kata mchana. Kama hutaki kutoa, basi angalau usiwatukane.

Wadau, nyie mlisoma shule gani, na mchana mlikuwa mnakula nini? Dondosheni komenti hapo chini, bila matusi.