Nyangumi wenye njaa, wavuvi wenye hasira: Nani alipe deni la mito?

MWISHONI mwa Julai 2018, nyangumi jike aliyepewa namba J35 na watafiti, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Tahlequah, alijifungua karibu na mji wa Victoria, magharibi mwa Canada. Mtoto huyo hakuishi hata saa moja. Mama hakukubali azame. Alimbeba kwa siku 17, akaogelea naye takriban kilomita 1,600, huku dunia ikimtazama kupitia magazeti na televisheni. Mapema mwaka 2025 alionekana tena akibeba mzoga wa mtoto mwingine.

Tahlequah ni mmoja wa nyangumi wauaji wanaoitwa wakazi wa kusini, ambao kwa kweli ni wa jamii ya pomboo. Wamegawanyika katika makundi matatu, J, K na L, na huonekana zaidi katika maji yaliyo kati ya Jimbo la Washington nchini Marekani na British Columbia nchini Canada. Mwaka 1995 walikuwa 98. Katika sensa ya Julai 2024 walibaki 73. Canada iliwatangaza kuwa hatarini kutoweka mwaka 2003, na Marekani ikafuata mwaka 2005.

Maadui wao ni wengi. Katika miaka ya 1960 na 1970 makumi walikamatwa kwa ajili ya maonyesho, na baadhi walikufa katika purukushani hizo. Kelele za meli huwavuruga wanapowinda, na kemikali zenye sumu zimejaa katika mafuta ya miili yao. Hata hivyo, adui anayetajwa kwanza ni njaa. Chakula chao kikuu ni samoni wa aina ya Chinook, mkubwa na mnono kuliko samoni wengine wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulibaini kuwa hadi asilimia 69 ya mimba zilizofuatiliwa kati ya mwaka 2008 na 2014 hazikufanikiwa, na ukahusisha hali hiyo na uhaba wa samaki huyo. Wakati huohuo, nyangumi wauaji wa aina nyingine wanaokula sili katika maji hayohayo wanaongezeka. Tofauti kubwa kati yao ni kilichomo tumboni.

Swali la kujiuliza, basi, ni hili: samoni watapatikana vipi?

Jibu la kwanza la wanasiasa lilikuwa vituo vya kuzalisha vifaranga vya samaki. Baada ya Gavana Jay Inslee wa Washington kuunda kikosi kazi cha kuwaokoa nyangumi hao mwaka 2018, kuongeza uzalishaji wa vifaranga ni moja ya hatua zilizopendekezwa na kupatiwa fedha. Kazi yenyewe inaeleweka. Mayai hukamuliwa kutoka kwa samoni waliorudi kutaga, hurutubishwa, vifaranga hulelewa katika mabwawa kisha huachiwa mtoni waelekee baharini. Wengi hukatwa pezi dogo la mgongoni ili mvuvi awatambue na kumrudisha majini samaki wa asili.

Wanaopinga wana hoja nzito. Samaki waliolelewa kituoni wakizaana na wale wa asili huweza kudhoofisha uzao uliozoea mto wake kwa maelfu ya miaka. Hushindana nao kwa chakula. Aidha, wingi wao huwafanya watu waamini kwamba mto ni mzima ilhali unakufa. Isitoshe, Chinook wanaorudi leo kwa jumla ni wadogo na wenye umri mdogo kuliko wa miongo iliyopita, hivyo nyangumi analazimika kukamata wengi zaidi ili ashibe.

Jibu la pili ni kuwabana wavuvi. Mwaka 2020 shirika la uhifadhi liitwalo Wild Fish Conservancy liliishitaki serikali ya shirikisho likipinga uvuvi wa Chinook kwa ndoano kusini mashariki mwa Alaska, pamoja na mpango wa vifaranga uliotumika kuuhalalisha. Wengi wa samaki wanaonaswa huko walizaliwa katika mito ya Washington, Oregon na British Columbia, wakaenda kaskazini kutafuta malisho. Mei 2023 Jaji Richard Jones alitoa uamuzi ambao ungefunga uvuvi huo majira ya kiangazi na baridi, lakini akauacha mpango wa vifaranga uendelee. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani iliusimamisha uamuzi huo, na Agosti 2024 ikautengua, ikisema madhara kwa jamii za wavuvi hayakupewa uzito unaostahili.

Wavuvi wa Alaska, ambao wengi humiliki boti ndogo za familia, waliuliza kwa nini wao, walio mbali na nyangumi hao, ndio wawe wa kwanza kufunga virago. Swali lao lina mantiki. Samaki aliyeachwa Alaska hapiti njia iliyonyooka hadi kinywani mwa nyangumi. Njiani anasubiriwa na sili, na wavuvi wengine wa nchi mbili.

Wapo pia wenyeji wa asili. Kwa mikataba ya mwaka 1854 na 1855 waliiachia Marekani ardhi yao lakini wakabakiza haki ya kuvua. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kuwa haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa. Makabila mengi huendesha vituo vyao vya vifaranga, na hoja yao ni ya wazi: mito haikuharibiwa na wao, na bila vituo hivyo haki yao ingebaki maandishi tu.

Ukizisikiliza pande zote, unagundua kuwa ugomvi huu unahusu mgawo wa samaki waliobaki, wakati chanzo cha uhaba kiko mtoni. Chinook wa Puget Sound waliwekwa katika orodha ya samaki walio hatarini mwaka 1999, baada ya miaka mingi ya kukata misitu, kujenga miji kandokando ya maji na kuziba mito kwa mabwawa. Vifaranga na makatazo ya uvuvi ni hatua zinazoweza kuchukuliwa haraka. Kuponya mto humgusa mwenye kiwanda, mkulima na mtumiaji wa umeme, na hapo ndipo wanasiasa husita.

Mfano ni mabwawa manne ya sehemu ya chini ya Mto Snake, yanayozalisha umeme na kuwezesha majahazi kusafirisha ngano. Desemba 2023 serikali ya Rais Joe Biden ilifikia makubaliano na makabila manne pamoja na majimbo ya Washington na Oregon, ambayo yangeweza kufungua njia ya kuyabomoa. Juni 2025 Rais Donald Trump aliyafuta.

Mahali pengine mito imeonyesha njia. Mabwawa mawili ya Mto Elwha yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Manne ya Mto Klamath yalimalizwa mwaka 2024, na katika wiki chache tu Chinook walionekana wakipanda hadi maji ambayo hawakuyafikia kwa zaidi ya miaka 100.

Ni kweli kwamba nyangumi hao hawawezi kungoja mto upone kwa miaka 20. Vifaranga vinahitajika leo, kama mgonjwa anavyohitaji dawa ya kutuliza maumivu. Ila kila fedha inayotolewa kwa ajili hiyo iambatane na ahadi yenye tarehe kuhusu mto utakaofunguliwa, na kila mvuvi anayeambiwa aache ndoano aonyeshwe kuwa aliye na bwawa naye ameguswa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hadi sasa walioinamishwa ni wavuvi. Wenye mabwawa bado wamesimama wima.