Fursa Ziwafikie Waalimu wa Angurai

Mwezi wa Machi 2019, huko Dubai, Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule ya Keriko katika kaunti ya Nakuru, alikabidhiwa tuzo ya ualimu ya dunia yenye thamani ya dola milioni 1, ilhali shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu. Na wanafunzi wake, waliobuni chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, walipata nafasi ya kwenda kushindana Arizona, Marekani.

Twaamini kwa yakini kwamba akili za namna hiyo zimo pia Angurai, Teso Kaskazini, katika shule zilizo kando na ile barabara kuu ya Malaba isongamanayo malori. Kinachopungua si bidii ya waalimu, bali habari na nauli, kwani tangazo la ruzuku au la mashindano ya sayansi aghalabu hubandikwa ukutani siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikiwa imekwisha kupita.

Fauka ya hayo, Tume ya Kuwaajiri Waalimu ilipoanzisha mafunzo ya lazima mwaka 2021, ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka alitwikwa mwalimu mwenyewe, jambo ambalo hatuoni kuwa ni insafu.

Twawasihi wakuu wa elimu wa Teso Kaskazini wafikishe matangazo ya ruzuku na ya mashindano kila shule mapema, na serikali ya kaunti ya Busia itenge fungu la nauli za wanafunzi na waalimu wao.