Maziwa ya Mama Yaandikwe Jina



Wiki iliyopita nilikuwa ukweni Mkuyuni, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yangu. Mke wa shemeji naye ananyonyesha, kwa hiyo nyumba moja ina vichanga wawili na friji moja. Asubuhi wifi alikamua maziwa, akayaweka kwenye friji, akaenda dukani kwake. Mtoto alipolia, mavyaa akafungua friji akakuta vikombe viwili vya mfuniko, vimefanana kama mapacha. Akanyoosha mkono achukue cha karibu.

Nikamwambia, "Samahani mama, hicho ni cha nani?"

Akacheka. "Mwanangu, si yote maziwa ya mama?"

Ni ya mama, lakini mama yupi? Watoto wale ni mabinamu, mmoja wa kaka na mwingine wa dada. Kesho, Mungu akipenda, mmoja anaweza kumposa mwenzake. Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 23, imewataja dada wa kunyonya miongoni mwa walioharamishwa kuoana. Kwa madhhebu yetu ya Shafii, mtoto aliye chini ya miaka miwili akishanyweshwa mara tano mbalimbali, udugu umethibiti, na maziwa ya kikombe yanahesabiwa kama ya kifuani. Kosa la mara moja halifungi ndoa. Lakini nani atahesabu makosa ya friji isiyo na majina? Yakishatokea na idadi haijulikani, muulizeni sheikh mapema, msingoje siku ya posa.

Wako wanaosema tiba ya hili ni kuacha kukamua, mtoto apewe maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi. Hapo siafiki kabisa. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, na Surat Al-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inampa mzazi likizo isiyopungua siku 84. Baada ya hapo, kukamua ndiko kunakomwezesha kurudi kazini bila kumkatiza mtoto ziwa.

Kwa hiyo tusikatae, tujifunze. Osha mikono kwa sabuni. Chombo kiwe safi, kimechemshwa, kina mfuniko. Bandika plasta, andika jina la mama, tarehe na saa. Nje ya friji, penye joto lisilozidi nyuzi 25, maziwa hukaa saa 4. Kwa joto letu la Unguja, na hata la Mkuyuni mchana, yatumike mapema zaidi, na kikombe kikae kivulini penye ubaridi. Kwenye friji hukaa mpaka siku 4, lakini yawekwe ndani kabisa, si mlangoni, na umeme ukikatika muda mrefu usihesabu siku hizo. Kwenye friza, miezi 6. Yakishayeyuka usiyagandishe tena. Yakiwa bado kwenye friji, yatumike ndani ya saa 24. Usiyachemshe, kitie kikombe kwenye maji ya uvuguvugu. Mafuta yakielea juu hayajaharibika, tikisa taratibu. Mtoto akibakisha, mabaki yasivuke saa 2. Na mnyweshe kwa kikombe, maana chupa na chuchu zake ni kazi kuzisafisha.

Mavyaa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma mjukuu akalete kalamu. Jioni wifi aliporudi alikuta jina lake mlangoni mwa friji, rafu ya juu yake, ya chini ya mwenzake.

Nawe bi harusi mtarajiwa, unayepanga khanga, udi na liwa kwenye sanduku lako, tia na vikombe vinne vya mfuniko, plasta na kalamu. Ukifika ukweni, ulizia mapema rafu yako ni ipi. Wala usione haya, ni haki ya mwanao.