Baraza la Mji Laanzia Mlangoni Petu



Mwezi huu twapenda kuyaacha mambo makubwa ya dunia yapumzike kidogo, tuzungumze juu ya jambo lililo karibu nasi kuliko yote, nalo ni kazi ya kila siku ya baraza la mji. Tumeuchagua mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kwa kuwa ni mji tunaoufahamu, na kwa kuwa mambo yake hayatofautiani sana na ya miji mingine ya Tanzania. Msomaji aliye Tunduru, Mbinga au Lindi akibadilisha majina ya kata atajiona mwenyewe humu.

Asubuhi moja tulihudhuria mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja wa Songea. Tangazo lilikwisha kutolewa siku kadhaa kabla, kwa kipaza sauti na kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya mtaa. Mkutano ulitakiwa uanze saa nne. Ilipofika saa tano walikuwapo watu kumi na wachache, wengi wao wazee. Mambo ya kuzungumzwa yalikuwa matatu: mahali pa kukusanyia taka, mapato na matumizi ya mtaa, na mfereji ulioziba nyuma ya nyumba za watu. Mwenyekiti alitazama saa yake, akauliza kama waendelee au waahirishe. Bibi mmoja aliyeketi juu ya kanga yake akasema, "Mwanangu Mwenyekiti, mkutano wa kwanza mliahirisha, na wa pili mkaahirisha. Hizo taka nazo mmeziambia zingoje?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Akidi haikutimia, na mkutano ukaahirishwa mara ya tatu.

Siku mbili baadaye, baada ya sala ya alasiri, tuliwasikia wanaume wa mtaa ule ule wamekaa barazani wakilalamika kwa uchungu juu ya jalala. Walisema Serikali haiwajali, na madiwani hula tu posho zao. Nasi hatukuwa na ulimi wa kuwakemea, maana ule mkutano wa kwanza hata sisi hatukwenda. Tulirudi nyumbani tumeona haya, na haya hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike maneno haya.

Wasomaji wetu, kazi ya baraza la mji haina fahari. Ni taka, masoko, machinjio, shule za msingi, zahanati, makaburi, leseni za biashara, vibali vya kujenga, na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Kazi za namna hii zikienda vizuri hakuna anayeziona. Mtu huamka, hupita njia safi, hununua nyama iliyopimwa, humpeleka mtoto sindano ya chanjo, akarudi nyumbani asikumbuke kwamba nyuma ya kila kitu hicho kuna kikao kilichokaa na fedha zilizopitishwa. Zinapokosekana ndipo mtu hujua thamani yake.

Na nchi yetu ilikwisha kuonja kukosekana huko. Kuanzia mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na baadaye mabaraza ya miji, kwa nia ya kuyapeleka madaraka mikoani chini ya maofisa wa Serikali Kuu. Nia ilikuwa njema, lakini mambo hayakuenda kama yalivyotarajiwa. Maofisa wa mkoa walikuwa na mipango mingi mikubwa ya kusimamia, na mtaro wa mtaani haukuwa na mwenyewe. Barabara za miji ziliharibika, taka zikazidi, maji machafu yakakosa wa kuyaondoa. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kipindupindu kiliingia nchini kikaenea. Ilipofika mwaka 1978 Serikali iliona hapana budi kuyarudisha mabaraza ya miji. Sheria kamili za serikali za mitaa zikatungwa mwaka 1982, na mwaka 1984 zikatiwa nguvu katika Katiba, ambamo zimo hata leo katika ibara ya 145 na ya 146. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa ambalo, lau angeanza upya, asingalilirudia. Ni wachache miongoni mwa watawala waliokiri namna hiyo, na maneno yake yatufaa sote.

Sasa tutazame jinsi baraza linavyofanya kazi, maana twaona wengi wetu tunalilaumu na hali hatulijui. Songea ni manispaa, nayo imegawanywa katika kata, kama vile Majengo, Misufini, Lizaboni, Bombambili, Mfaranyaki na Matogoro. Kila kata ina diwani wake aliyechaguliwa, na juu ya hao wapo madiwani wanawake wa viti maalumu. Madiwani humchagua meya kutoka miongoni mwao. Mkurugenzi hachaguliwi nao, bali huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza na msimamizi wa watumishi. Chini ya kata ipo mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa na wakazi. Uchaguzi huo hufanyika kila baada ya miaka mitano, na mmoja ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024.

Neno linalotoka mtaani hupanda ngazi. Wakazi wakikubaliana kwamba wanahitaji kizimba cha taka, kwa mfano, neno hilo huandikwa katika muhtasari wa mtaa, likaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha likafika kwa wataalamu wa manispaa, likapita katika kamati za madiwani, na mwisho likasimama mbele ya baraza zima wakati wa kupitisha makisio. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini makisio yake huandaliwa miezi mingi kabla. Mtaa ambao mikutano yake imeahirishwa mara tatu hauna muhtasari wa kupeleka. Wataalamu hukaa, huandika walichonacho, na mtaa wenye muhtasari huo ndio unaopata. Basi wale ndugu zetu wa barazani walipokuwa wakiuliza kwa nini mtaa wa jirani umejengewa kizimba na wao wamekosa, jawabu lilikuwa limefungiwa katika daftari tupu la mtaa wao.

Tena yafaa tujue kila jambo lina mlango wake. Maji ya mjini Songea hayako chini ya baraza, bali chini ya mamlaka ya maji iitwayo SOUWASA. Barabara za mitaa tangu mwaka 2017 zimekabidhiwa TARURA, na umeme ni kazi ya TANESCO. Tumewaona watu wakimzingira diwani kwa ajili ya bomba lililopasuka, huku taka, ambazo kweli ni kazi ya baraza lake, hakuna anayemwuliza. Hatusemi diwani asiulizwe juu ya maji, kwani kazi yake ni kuwasemea watu wake mahali popote. Twasema tu kwamba mtu akijua mlango wa kubisha hupunguza safari zake.

Maji yenyewe yametukumbusha jambo jingine. Mji huu umekaa chini ya milima ya Matogoro, na katika milima hiyo ndimo unamoanzia Mto Ruvuma ulioupa mkoa wetu jina. Mtu anayekata miti huko juu au kulima kando ya chemchemi huwachukulia maji watu wasiomjua, tangu mtoto wa Songea mpaka mvuvi aliye karibu na bahari. Sheria ndogo za mji na vikao vyake ndivyo vinavyoweza kumzuia, lakini sheria ndogo bila majirani wenye kuisimamia ni karatasi tu.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo maneno huwa mengi. Mapato ya baraza hutoka katika leseni, ushuru wa masoko, ada mbalimbali na ushuru wa mazao. Mkoa wa Ruvuma ni katika mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, kwa hivyo ushuru wa mazao ni jambo zito hapa. Mkulima alipolia kwamba unamlemea, kilio chake kilisikika, na mwaka 2017 Bunge liliupunguza kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Lakini baada ya kilio hicho liko deni kwetu pia. Mfanyabiashara anayepita njia za panya usiku kukwepa kizuizi cha ushuru, kisha asubuhi akalalamika kwamba zahanati haina dawa, yafaa ajihesabu mwenyewe kabla hajawahesabu wengine.

Na katika mapato hayo liko fungu ambalo wasomaji wetu wa kike na vijana wetu yawapasa walijue vizuri. Mwaka 2018 liliingizwa katika sheria sharti la kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wananchi wake: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ni mara ngapi tumewasikia mama zetu wakisema wangependa kufungua biashara ndogo ya kuuza vitenge au kufuga kuku, lakini wanaogopa mikopo ya riba ambayo dini imeiharimisha, na ambayo imewanyang'anya wengine mpaka vitanda vyao? Mlango wa halali umefunguliwa, na ufunguo wake uko katika ofisi za kata na za manispaa.

Lakini hapa pana huzuni. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha mara kwa mara kwamba fedha nyingi zilizokopeshwa na halmashauri mbalimbali hazikurejeshwa, na kwamba vikundi vingine havikuwapo ila kwa jina. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili utaratibu wake utengenezwe upya, na ilirudi mwaka 2024. Katika muda huo wa kusimamishwa, walioumia ni wale waaminifu waliokuwa wakingoja zamu yao. Ndugu wasomaji, deni lisilo na riba si deni jepesi, wala si sadaka. Ni amana ya jirani yako asiyekujua, ambaye hatapata mpaka wewe urudishe. Anayelikalia kwa kusema ni mali ya Serikali amemla mjane wa mtaa wa pili, hata kama hakumwona uso.

Sasa nyumba zetu zifanye nini? Kwanza, kila nyumba iwe na mtu mmoja katika mkutano wa mtaa. Si lazima awe baba. Mama ndiye anayejua taka zimelala siku ngapi na mfereji umeanza kunuka lini, na neno lake ndilo lenye ushahidi. Mume anayesema mkutano si mahali pa mkewe, na yeye mwenyewe hendi, ameinyima nyumba yake ulimi. Pili, tuulize juu ya mapato na matumizi kwa adabu na bila woga, kwani taarifa hiyo ni haki ya wakazi, na kiongozi mwaminifu hufurahi kuulizwa. Tatu, ahadi yoyote ikitolewa mkutanoni tuhakikishe imeandikwa, maana yaliyosemwa bila kuandikwa huondoka na upepo. Nne, yaliyo katika uwezo wetu tuyafanye wenyewe. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuondoa njiani kitu chenye kudhuru ni katika mambo ya imani. Hatukuambiwa tusubiri gari la manispaa lije kutuondolea mwiba.

Mtu atasema, mtaa wetu umechanganyika Waislamu na Wakristo, na mkutano wenyewe huenda ukafanyika karibu na kanisa au karibu na msikiti. Sisi twasema hilo ndilo jema lake. Mbu anayezaliwa katika mfereji ulioziba haulizi nyumba hii ni ya nani. Kushauriana katika mambo yanayowahusu watu wote ni jambo ambalo dini yetu imelisifu, na jirani ana haki yake, awe wa dini yetu au wa dini nyingine.

Mji huu umepewa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji, pamoja na wengi wa wenziwe. Watu hao walitoa roho zao kwa kuwa hawakukubali nchi yao iamuliwe na wengine. Sisi tunaombwa asubuhi moja tu, tukakae chini ya mti tusikilize habari za taka.

Mkutano ule wa mtaa, ule ulioahirishwa mara tatu, ulikuja kufanyika. Yule bibi alifika kabla ya mwenyekiti, akatandika kanga yake mahali pale pale, na safari hii wanaume kadhaa wa barazani walikuwapo, nasi tulikuwapo. Mjadala ulikuwa mrefu, na baadhi ya maneno yalikuwa makali. Mahali pa kukusanyia taka palipatikana, mfereji ukapangiwa siku ya kuzibuliwa, na yote yakaandikwa katika daftari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu, ndogo na kubwa, na awape viongozi wetu wa mitaa subira na uaminifu. Amin.