Baada ya Wanyama, Tukusanye Sarafu za 1966

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mshika mbili moja humponyoka. Methali hii nawaelekezea wenzangu wa Chama cha Kiswahili wanaokusanya sarafu. Wengi wetu tumeshamaliza wale wanyama wanne: twiga wa shilingi 1, kifaru wa shilingi 5, simba wa shilingi 10 na ndovu wa shilingi 20. Kusema kweli haikuwa kazi. Sarafu hizo zilizinduliwa Desemba 2018, na kondakta yeyote wa matatu za Umoja au Kayole anazo mkononi. Sasa tuendelee na zipi? Mmoja anataka za Uingereza, mwingine za Uganda, na mwingine anatupa chochote kinachong'aa ndani ya mkebe wa Kimbo kisha anajiita mkusanyaji!

Mimi nasema tuchague sarafu za kwanza za Kenya huru, zile zilizoanza kwa mwaka wa 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Tusiziche hata moja mpaka ziishe.

Kwanza, zinahesabika. Ni sita tu: senti 5, senti 10, senti 25, senti 50, shilingi 1 na shilingi 2. Mbili za kwanza ni za manjano, nne zilizobaki ni nyeupe. Ukizipata zote sita, unaweza kuanza raundi ya pili, maana zile za mwanzo zina sura ya Mzee bila maneno, na kuanzia 1969 sura ilizungushiwa maandishi yanayomtaja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Ukishikilia mbili pamoja utaona tofauti mara moja. Na hebu linganisha senti 10 na shilingi: senti 10 ndiyo kubwa! Ukubwa huo ulirithiwa kutoka kwa zile pesa za Afrika Mashariki zenye shimo katikati, zilizotumika kabla Kenya, Uganda na Tanzania hazijafungua benki kuu zao mwaka wa 1966.

Najua kuna watakaouliza, mbona tusichukue za Moi, si ni rahisi kupata? Ni rahisi, sikatai. Lakini mwisho wake uko wapi? Zilianza 1980. Mwaka wa 1985 ikaja shilingi 5 yenye pembe saba. Shilingi 10 ya rangi mbili ikaja 1994, shilingi 5 nayo ikawa ya rangi mbili 1995, na shilingi 1 iliyokuwa nyeupe ikageuka ya manjano. Kabla hujatulia, shilingi 20 ikatokea 1998. Anayeanza atapotea njiani. Tena senti 25 na shilingi 2 hazimo kabisa katika za Moi. Ukizikosa kwa Mzee, umezikosa.

Wengine wanaota rupia ya fedha ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali yao. Ndoto nzuri. Lakini sisi ni wanafunzi wa kutwa, pesa tulizo nazo ni za nauli na chapati. Mchuuzi mmoja mjini aliniitisha shilingi 500 kwa senti 10 iliyochakaa, na hiyo si hata ya fedha! Nilimrudishia nikaenda zangu. Mwanafunzi atakayetembea kwa miguu kutoka mjini hadi Buruburu wiki nzima ili anunue sarafu moja, hayo si mapenzi ya sarafu, ni kujitesa.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sarafu za 1966 hazihitaji mchuuzi. Ziko kwenye mitaa yetu. Kaloleni, Maringo, Jericho, Mbotela, kuna wazee walioishi humo tangu hizo pesa zikiwa mpya. Ziko ndani ya makopo ya vifungo, chini ya cherehani, kwenye mikoba ambayo haijafunguliwa miaka. Bisha hodi, salimia vizuri, useme, "Shosho, uko na pesa za zamani za Kenyatta?" Utaketishwa, utapewa chai, na utasikia mambo ambayo hakuna mchuuzi atakuambia. Mimi niliambiwa kuwa senti 5 ilikuwa ndururu na senti 50 ilikuwa thumuni, kama vile sisi tunavyosema kobole na ashara. Shosho huyo alinihesabia alichokuwa akinunua kwa senti 10 akienda shule, kuanzia mandazi. Yote nimeandika kwenye daftari, kila sarafu na ukurasa wake.

Lakini nafasi hiyo haitangoja. Nyumba za zamani za Eastlands zinatolewa ili magorofa yajengwe. Mtu wa Makongeni hahitaji kuelezwa. Familia ikihama, mkebe wa shosho unaenda wapi? Unaenda kwa watu wa vyuma kuukuu, unapimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Sarafu za ndovu zitakuwepo hata tukimaliza Kidato cha Nne. Na hata pesa za mfukoni zinapungua, maana tangu M-Pesa ianze 2007 mtu anaweza kulipia hata sukumawiki kwa simu.

Jambo jingine, tafadhali msizisugue kwa limau na majivu! Najua zinang'aa, nimeona. Lakini unakwangua sura ya Mzee pamoja na uchafu, na mkusanyaji mwenye akili hataitaka tena. Iweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, andika mwaka na jina la mtaa ilikotoka, basi.

Mimi nimefikisha nne. Ninatafuta senti 25 na shilingi 2. Nina senti 10 za ziada, moja ya 1967 isiyo na maandishi na moja ya 1971 iliyo nayo. Anayetaka kubadilishana anipate Ijumaa baada ya mkutano wa chama, karibu na maktaba. Aje na sarafu, na asisahau kuuliza nyumbani ilikotoka.