Mzee Hatunzwi na Grupu la Waliosoma Pamoja

Vijana wetu wanaoanzisha kampuni za teknolojia wamefundishwa jambo moja na sasa hawalihoji tena: ukitaka kampuni isimame, watafute uliosoma nao. Warsha za ujasiriamali zinalisisitiza, wageni rasmi wanalirudia kwenye mahafali, na kila grupu la WhatsApp la waliomaliza Ilboru, Mzumbe, Alliance au Mang'u lina watu wanaosubiri mwenzao mmoja afike juu awavute wengine. Kwa biashara nyingi sina ugomvi na ushauri huo. Kwa biashara ya kuwatunza wazee naupinga kabisa, na naupinga sasa kwa sababu vijana wanaovutiwa na shughuli hiyo wanazidi, na karibu wote nawaona wakipita mlango huohuo.

Mambo huanza hivi. Kijana ana miaka thelathini na kitu, amesomea kompyuta au biashara. Mama yake yuko Moshi au Murang'a, sukari inapanda na kushuka, na yeye yuko Dar es Salaam, Nairobi au Houston. Usiku mmoja anaandika kwenye grupu: jamani, wenye wazazi nyumbani mnawafuatiliaje? Majibu yanamiminika. Kila mtu ana mama, kila mtu ana hofu, kila mtu yuko mbali. Kijana anaona soko. Humohumo kwenye grupu kuna daktari, kuna mwandishi wa programu, kuna mtu wa benki, na kuna mmoja anayefahamiana na wawekezaji. Baada ya miezi michache kampuni imesajiliwa, na programu yake ya simu ina kitufe chekundu cha dharura.

Nia yao ni njema, siipingi. Ninachosema ni kwamba katika grupu lote hilo hakuna hata mmoja anayeijua kazi.

Kumtunza mzee aliyelala kitandani ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Ni kumwosha bila kumvunjia heshima, hasa pale anayeoshwa ni baba mkwe na anayeosha ni mkamwana. Ni kujua kwamba bibi hajanywa maji tangu asubuhi kwa sababu anaogopa kulowesha shuka, si kwa sababu hana kiu, na kwamba akiendelea hivyo hadi kesho ataanza kuchanganyikiwa na watu watasema ni uzee. Ni kukumbuka kwamba anayejiita mzima hajala, amewapa wajukuu. Ujuzi huu upo, ni mwingi, na wanao wanawake: mabinti waliobaki nyumbani, wakamwana, dada wa kazi, wauguzi wastaafu wa mtaani, waumini wa jumuiya ndogo ndogo wanaopita kuwaona wagonjwa. Wengi wao hawakufika kidato cha sita. Kwa hiyo hawamo kwenye grupu, na kampuni inajengwa bila wao.

Watetezi wa konekshen hupenda kumtaja Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1973 kuhusu nguvu ya uhusiano dhaifu. Waisome tena. Hoja yake ni kwamba rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, kwa kuwa mnakaa na watu walewale na kusikia habari zilezile. Habari mpya huletwa na mtu anayezunguka kwingine. Sasa, waliosoma pamoja ni watu gani? Ni watu waliochujwa na mtihani mmoja, wakalala bweni moja, wakaenda vyuo vinavyofanana, na leo wana mishahara inayokaribiana na wasiwasi unaokaribiana. Hata kama hamjaonana kwa miaka kumi, bado mnatazama mambo kutoka upande mmoja. Kwa kipimo cha Granovetter mwenyewe, mwenye habari mpya kuhusu mama yako ni yule anayemvisha nguo asubuhi.

Kosa hili linaonekana kwenye bidhaa. Kampuni iliyozaliwa kwenye grupu la waliosoma pamoja huwauzia hao hao kwanza, maana ndio wenye pesa, na ndio wanaotoa maoni. Wanachotaka ni utulivu wa moyo wao. Basi wanatengenezewa utulivu: picha ya mama kila jioni, taarifa kwamba dawa imemezwa, kamera sebuleni. Mzee hakuulizwa kama anataka kamera. Mwanamke wa miaka themanini aliyezoea kusitirika anaishi sasa chini ya jicho ambalo mwanawe anaweza kulifungua akiwa kwenye foleni ya chakula Ulaya. Na dada anayemhudumia anageuka mtu wa kuchunguzwa, wakati mshahara wake haujaguswa. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Yupo mtoto anayelipa zaidi ya hapo kwa ajili ya bando la kuangalia kamera.

Nitatoa mfano wa mbali, kwa kuwa huko mitandao ya aina hii ina nguvu kuliko popote na pesa zake zinaonekana. Mwaka 2014, San Francisco, Seth Sternberg na wenzake walianzisha Honor. Sternberg alikuwa ameshaanzisha Meebo mwaka 2005, ikanunuliwa na Google mwaka 2012. Sandy Jen, aliyesoma Stanford na kuanzisha naye Meebo, akaja naye na huku. Mwaka 2015 wakapata dola milioni 20, kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz ikiwa mbele. Chimbuko lilikuwa la kweli kabisa: Sternberg amesimulia hadharani jinsi alivyoona mama yake akiendesha gari polepole kuliko zamani, akaanza kuwaza nani atamsaidia miaka ijayo. Mpango ulikuwa familia zipate wahudumu wa nyumbani kupitia simu, na wahudumu wawe watu wa kujitegemea, kwa mtindo wa teksi za mtandaoni.

Kazi yenyewe ikaupinda mpango. Mwaka 2016 Honor iliwaajiri wahudumu wake rasmi, kwa sababu mtu ambaye si mwajiriwa wako huwezi kumfundisha na kumsimamia kama kazi hii inavyotaka. Baadaye ikaanza kushirikiana na kampuni ndogo za huduma za nyumbani zilizokuwepo kabla yake. Kisha, Agosti 2021, ikainunua Home Instead, kampuni kongwe ya kuwahudumia wazee majumbani.

Hapa nawaomba vijana wetu wasimame kidogo. Home Instead ilianzishwa mwaka 1994 huko Omaha, Nebraska, mji usio na sifa yoyote ya teknolojia, na mume na mke, Paul na Lori Hogan. Wazo walilipata kwa kumhudumia bibi yake Paul, aliyepata nguvu upya alipotunzwa na familia nyumbani. Kutoka hapo ilikua hadi kuwa na ofisi zaidi ya elfu moja katika nchi zaidi ya kumi. Wale wenye mitandao yote ya Bonde la Silikoni, baada ya miaka saba ya pesa na programu nzuri, walilazimika kwenda kununua ujuzi uliotoka kwenye chumba cha bibi. Wangeanzia huko, ningesema wana akili zaidi. Wao walikuwa na pesa za kulipia mzunguko huo. Kijana wa Sinza au Kasarani hana.

Uholanzi walianzia kwenye chumba. Mwaka 2006 Jos de Blok, ambaye mwenyewe ni muuguzi wa mitaani, alianzisha Buurtzorg, shirika la kuwauguza watu majumbani, na kikundi cha wauguzi wanne. Leo wauguzi wake wanafika kama 10,000, katika vikundi visivyozidi watu kumi na wawili. Vikundi hivyo vinajipangia zamu, vinaamua mgonjwa apewe nini, wala havina meneja. Teknolojia wanayo, tena nzuri, lakini mtengenezaji wake, Ard Leferink, aliujenga mfumo ule ufuate jinsi muuguzi anavyofanya kazi, umpunguzie karatasi ili abaki na mgonjwa. De Blok alikuwa na mtandao pia. Ulikuwa wa wauguzi.

Turudi nyumbani, kwenye mambo madogo yanayoangusha kampuni. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Ngozi ya vidole inalika kwa umri na kwa jembe, na mashine hushindwa kuisoma. Mjukuu yeyote aliyewahi kumpeleka bibi kusajili laini analijua hilo. Lakini bado kuna watu wanaobuni huduma ya wazee inayofunguliwa kwa kidole. Namba ya siri ya M-Pesa ya bibi inajulikana na mjukuu, na mara nyingi na wakala pia, maana bibi haoni maandishi ya kwenye skrini. Ukibuni malipo ukadhani anayebonyeza ndiye mwenye pesa, umemfungulia mwizi mlango. Simu ya mzee ni kitochi, haina bando, na mara nyingi imezimwa kutunza chaji. Kitufe chekundu kitakaa wapi? Na akikibonyeza saa nane usiku Newala, atakayekuja ni jirani kwa miguu, kwa hiyo huduma ya dharura iliyopo ni huyo jirani, na mbunifu makini angeanza kwa kumuuliza yeye anahitaji nini: tochi, namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku, nauli iliyotangulizwa.

Najua watakavyonijibu. Watasema: bila waliosoma nasi tutapata wapi pesa? Benki inataka hati ya nyumba, mwekezaji wa nje hatujui, mwenzetu wa darasa ndiye anayetuamini. Ni kweli, na ni hoja nzito. Kuaminiana ni mtaji, na huduma hii inaingia chumbani kwa watu, haiendi bila kuaminiana. Ila tuulizane ni imani ya nani inayohitajika. Mwenzako wa darasa anakuamini wewe. Mzee hakujui. Anayemwamini ni sheha, imamu, katekista, muuguzi wa zahanati, mama wa nyumba ya tatu. Zanzibar ilipoanza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka sabini na zaidi, Aprili 2016, shilingi 20,000 kila mwezi kutoka bajeti yake yenyewe, masheha walikuwa nguzo ya uandikishaji, kwa kuwa sheha anajua nani ana umri gani na nani hawezi kutoka kitandani. Kenya, Septemba 2023, ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ikawapa simu na vifaa vya kupima presha na sukari, waende nyumba kwa nyumba. Tanzania nayo mwaka 2024 ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hiyo ndiyo mitandao yenye wazee ndani yake. Kijana wa teknolojia anayeipita na kwenda kutafuta walezi kwenye grupu la kidato cha sita ameacha kilichojengwa tayari.

Liko jambo linaloniuma zaidi ya hasara ya biashara. Kampuni hizi zinapokufa, hazifi peke yake. Familia iliyojiandikisha ilikuwa imeshampunguza dada wa mchana, kwa kuamini programu itaangalia. Shangazi aliyekuwa akipita kila Jumatano ameacha, kwa kuwa ameambiwa kuna kampuni sasa. Kampuni inapozima seva zake, kaka wa Houston anapata ujumbe wa kuomba radhi, na mama anabaki na nyumba yenye watu wachache kuliko iliyokuwa nao kabla teknolojia haijaja. Waanzilishi wanaenda kwenye wazo lingine, kwa msaada wa grupu lilelile.

Kwa hiyo, wewe mwenye wazo, grupu lako la shule lipe kazi linayoiweza: wakili, mhasibu, mwandishi wa programu, shilingi za kwanza. Halafu liulize swali moja: nani anamwosha mama yako, na namba yake ni ipi? Ukipata namba hizo, wapigie wote. Kaa nao zamu nzima, ya usiku pia. Walipe kwa kila saa wanayokufundisha, kwa kiwango unachomlipa mshauri wa kodi, kwa sababu wanakupa kisichopatikana kwingine. Usiandike mstari hata mmoja wa programu hadi watatu kati yao wakwambie ni kitu gani kitawapunguzia mzigo. Na siku unapopeleka makaratasi BRELA kusajili kampuni, majina yao yawe kwenye orodha ya wanahisa, na hisa zao zitoshe kukukatalia pale unapotaka kuweka kamera.